Tujifunze: Saa ya Pampu

Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro tumezoea zamu za maji ya mfongo. Pampu ya umeme nayo hupangiwa zamu. Inawashwa na kuzimwa na saa yenye sahani inayozunguka mara moja kwa siku.

Umeme ukikatika kwa muda wa saa 2, saa nyingi za namna hii nazo husimama. Umeme ukirudi, pampu inachelewa saa 2. Ng'ombe wanakosa maji. Je, imeharibika? Hapana! Tuzungushe sahani kwa kufuata mshale, mpaka wakati uwe sawa. Tukumbuke: namba 7 ni saa 1 asubuhi, namba 19 ni saa 1 usiku.

Bado pampu haiwaki? Tusiguse nyaya. Volti 230 zinaua. Tuzime swichi kubwa, tumwite fundi.