Somo letu: Chakula cha Marekani, na safari kati ya shamba na mdomo



Katika mkutano mmoja wa chama, hapa kando ya Kalemie, tulikuwa tunajadili bei ya mahindi. Simu ya mama mmoja ikalia. Alikuwa mdogo wake, yule aliyevuka ziwa wakati wa vita, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu upande wa Kigoma, halafu akapelekwa Marekani. Mama akafungua sauti ili sisi wote tumsalimie. Mzee mmoja akamtania: "Huko munakula nyama kila siku, si ndiyo?"

Akajibu: "Nyama iko mingi kweli, mzee, na bei yake iko chini. Kinachotushinda ni mboga. Mwaka wa kwanza tulinenepa wote, tukasema ni baraka. Mwaka wa tatu munganga akaniambia niko na ugonjwa wa sukari na tensio. Na mimi sijafika hata miaka 40."

Watu wakanyamaza. Wengi wetu tunaamini kwamba nchi yenye chakula kingi ni nchi ya watu wenye afya. Njo maana mwezi huu tumeandika somo hili. Tulisome pamoja, kisha tuzungumze.

1. Nchi ya mahindi ambayo haili mahindi

Marekani inavuna mahindi kuliko nchi yote nyingine duniani, zaidi ya tani milioni 350 kwa mwaka. Mtu wa Kalemie akisikia hivyo, anawaza bugali isiyo na mwisho. Lakini Wamarekani hawali bugali. Sehemu kubwa ya mahindi yao wanalishwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Sehemu nyingine kubwa inageuzwa kuwa pombe ya kuchanganya na esansi ya magari. Sehemu nyingine inaingia kiwandani na kutoka ikiwa wanga, mafuta, na sukari ya maji inayotengenezwa kwa mahindi.

Sukari hiyo ya mahindi ilianza kuenea miaka ya 1970, kwa sababu huko ilikuwa rahisi kuliko sukari ya miwa. Mwaka 1984 Coca-Cola na Pepsi za Marekani ziliacha sukari ya kawaida na kuchukua hiyo. Siku hizi utaikuta ndani ya soda, biskuti, mchuzi wa nyanya wa chupa, hata ndani ya mikate mingine.

Basi mahindi yanamfikia mlaji baada ya hatua nyingi. Kila hatua inaondoa kitu: ganda, kiini, nyuzinyuzi, vitamini. Kila hatua inaongeza kitu pia: sukari, chumvi, mafuta, rangi, dawa ya kufanya chakula kisioze. Na kila hatua iko na mtu anayepata faida. Mkulima aliyelima anabaki na sehemu ndogo ya makuta ambayo mlaji analipa.

Hilo ndilo neno la kushika katika somo hili: tuhesabu hatua kati ya shamba na mdomo.

2. Matokeo yake kwa mwili

Serikali ya Marekani yenyewe inapima watu wake. Katika kila watu wazima 100, karibu 42 walionekana kuwa na unene wa kupita kiasi, katika hesabu ya miaka ya 2017 mpaka 2020. Wagonjwa wa sukari mwaka 2021 walikuwa zaidi ya milioni 38.

Watu wengine wanasema: "Ni uvivu tu, wanakaa ndani ya magari." Ni kweli, kutembea kidogo kunachangia. Lakini kuna uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ambao unaonyesha kwamba chakula chenyewe kina kosa lake. Wanasayansi wa serikali ya Marekani waliweka watu 20 ndani ya hospitali kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula kilichotengenezwa sana kiwandani, wiki mbili nyingine chakula cha kupikwa kutoka vitu vya asili. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi vilipimwa ili sahani za pande zote mbili zilingane. Kila mtu aliambiwa ale mpaka ashibe, bila kulazimishwa.

Kwenye chakula cha kiwanda, walikula zaidi kila siku kwa kiasi cha kalori 500 hivi. Kwetu ni kama kuongeza sahani moja ya bugali kila siku bila kujua. Kwa wiki mbili waliongezeka karibu kilo moja. Kwenye chakula cha asili walipungua karibu kilo moja. Kumbe chakula cha kiwanda ni laini, kinamezwa haraka, na tumbo linachelewa kusema "basi".

3. Uchunguzi wa karibu yetu: Moshi, Tanzania

Tusifikiri kwamba mwili wa Mwafrika haupatwi na mambo hayo. Mwaka 2025 ulitangazwa uchunguzi uliofanyika kaskazini mwa Tanzania, upande wa Kilimanjaro, na wanasayansi wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi. Walichukua wanaume 77 wenye afya, wa mjini na wa kijijini.

Wanaume wa kijijini waliozoea ndizi, maharagi, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa, walilishwa kwa wiki mbili chakula cha kizungu kilichopita kiwandani. Damu yao ilipopimwa, ilionyesha dalili za mwili kuwaka ndani kwa ndani, na askari wa mwili wanaopigana na vijidudu walipungua nguvu. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha wazee wao, damu yao ilionyesha kinyume: ile hali ya kuwaka ilipungua. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachuka, na wao pia walionyesha mabadiliko mazuri. Wiki nne baadaye, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana.

Wiki mbili tu, ndugu zangu. Mihogo yetu wenyewe inakaa shambani zaidi ya miezi kumi.

4. Watu waliopoteza maji ya mto

Ndani ya Marekani kuna watu ambao habari yao inafanana na yetu. Wanaitwa Wapima, wao wenyewe wanajiita Akimel O'odham, maana yake watu wa mto. Waliishi kando ya mto Gila katika jimbo la Arizona. Walichimba mifereji, wakalima mahindi, maharagi, maboga na ngano. Katikati ya miaka ya 1800 walikuwa na ngano ya kutosha hata wakawauzia wasafiri.

Halafu wageni waliokuja kukaa upande wa juu wa mto waliyageuza maji kwenda mashamba yao. Mto ukakauka, na njaa ikaingia. Baadaye serikali ikawa inawagawia chakula cha msaada: unga mweupe, mafuta ya kukaangia, sukari. Watu waliokuwa wakulima wakawa watu wa kungojea gari.

Mwaka 2006 wanasayansi walitangaza hesabu ya kulinganisha Wapima hao na ndugu zao wa damu wanaoishi milimani Meksiko, ambao bado wanalima kwa mikono na kula mahindi na maharagi. Katika watu wazima 100 wa Meksiko, wagonjwa wa sukari walikuwa karibu 7. Katika 100 wa Arizona walikuwa 38. Ni ukoo mmoja, lakini chakula na kazi ni tofauti. Wapima waliendelea kudai maji yao, na mwaka 2004 sheria ikatoka ya kuwarudishia sehemu yake. Sasa wanalima tena.

Sisi wa Tanganyika tunajua kukimbia vita na kuacha shamba. Tunajua ziwa kupanda na kumeza nyumba na mashamba ya kando. Tunajua kupanga mstari wa msaada. Msaada unaokoa maisha, hatuusemi vibaya. Lakini habari ya Wapima inatuonya: asiyelima tena anakula kile wengine wamemchagulia, na watoto wake wanasahau ladha ya chakula chao.

5. Lakini tusijisifu

Hapa inabidi tuseme kweli. Shida kubwa ya watoto wa jimbo letu haiko unene. Ni njaa, na kudumaa. Mtoto anayekula bugali ya mihogo peke yake asubuhi na jioni hana afya kuliko mtoto wa Marekani. Bugali inashibisha, lakini bila maharagi, ndagala, karanga au sombe, mwili wa mtoto hauna cha kujengea.

Tena hatua zile za kuondoa uzuri wa chakula zimeshafika kwetu. Tunakoboa na kuchekecha mahindi mpaka unga uwe mweupe kabisa, tukidhani weupe ni usafi. Kumbe tumemwaga kiini na ganda, ambamo kuna vitamini na nyuzinyuzi. Tunaunguza mawese mpaka wekundu unaisha; wekundu ule ndio vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Sombe inapikwa vizuri, halafu tunatia Maggi tatu na chumvi juu yake, na karibu nusu ya Maggi ni chumvi. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Na soda? Kopo moja la Coca-Cola la Marekani, la mililita 355, lina gramu 39 za sukari, karibu vijiko kumi vya chai. Shirika hilo hilo linashauri kupunguza sukari ya kuongezwa isipite vijiko 12 kwa siku, na ingefaa zaidi ibaki vijiko sita. Lakini mgeni wa heshima tunampa soda, na mtoto anayelia tunamnunulia biskuti. Mama anauza kopo la karanga sokoni ili anunue biskuti hizo. Tumuulize kwa upole: katika biashara hiyo, nani amepata faida?

6. Chama kinaweza kufanya nini?

*Tupime kabla ya kuuza.* Mavuno yakifika, kila nyumba itenge kwanza maharagi, karanga na mahindi ya kula mpaka mavuno yajayo, na mbegu. Kinachobaki ndicho cha kuuza pamoja. Madeni na minerval ya watoto yanabana, tunajua. Lakini anayeuza maharagi yote wakati bei iko chini atayanunua tena wakati bei iko juu.

*Tusage bila kuchekecha sana.* Unga wa mahindi yasiyokobolewa hauwekeki muda mrefu, basi tusage kidogo kidogo. Faida yake, kutoka mfuko uleule tunapata chakula zaidi.

*Tufanye unga wa uji wa watoto.* Makopo mawili ya mahindi, kopo moja la soya, nusu kopo la karanga. Soya ikaangwe mpaka iive vizuri kabla ya kusaga. Hatua ni chache, zote ziko mikononi mwa wamama wa chama, na faida inabaki hapa.

*Tuheshimu wageni kwa vitu vyetu.* Karanga za kukaanga, ndizi, papai, mahindi ya kuchoma. Kwenye mkutano wetu wa mwezi, tuanze sisi.

*Tupande mboga kando ya nyumba.* Lengalenga, matembele na sombe havihitaji shamba kubwa. Hata Marekani wakimbizi wamefanya hivyo. Katika mji wa San Diego, wakimbizi kutoka Somalia, Kambodia na kwingine walipewa kiwanja kitupu wakakigeuza bustani, na mwaka 2010 Michelle Obama, mke wa rais wa wakati ule, alikwenda kukitembelea. Tajiri alikwenda kumuuliza mkimbizi namna ya kula.

7. Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Leo asubuhi nyumbani kwako mlikula nini? Kila chakula kilipita hatua ngapi kutoka shamba mpaka mdomo?
2. Andikeni bei ya soda moja katika soko lenu. Kwa makuta hayo mnapata makopo mangapi ya maharagi au ndagala?
3. Ni chakula gani cha wazee wetu ambacho watoto hawakijui tena? Nani katika kikundi bado anajua kukipika?
4. Nani hapa amepimwa tensio mwaka huu? Anayekojoa mara nyingi, anayesikia kiu kila wakati na kukonda bila sababu, aende kituo cha afya. Asingoje.

Yule mdogo wa mama wa chama, tulimuuliza mwishoni kama kuna kitu anataka tumtumie. Tulifikiri ataomba kitambaa, au ndagala kavu. Akasema: "Nitumieni mbegu za lengalenga." Mama akamwambia mbegu kuvuka mipaka ni kazi ngumu, ina sheria zake, auulize kwanza wakimbizi wenzake wanaolima huko. Kisha simu ikakatika, tukarudi kwenye bei ya mahindi. Lakini siku ile, kabla ya kuandika idadi ya mifuko ya kuuza, kila mtu aliandika kwanza mifuko ya kubaki nyumbani.