JE, YAFAA MTU AENDE NA MBWA WAKE KAZINI?

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Nimeishika kalamu ili tujadiliane juu ya swali ambalo huenda likawachekesha wengine: je, yafaa mtu aende na mbwa wake mahali pa kazi?

Rafiki yangu wa darasani alipoisikia mada hii aliniambia, "Hayo ni mambo ya Wazungu, bwana!" Nami nasema sivyo. Hebu toka hapa kwetu Mbotela ushike njia ya Barabara ya Jogoo. Utamkuta mbwa amelala chini ya meza ya seremala, mwingine langoni mwa gereji, na mwingine ameketi na soja mlangoni mwa ghala. Mbwa wetu walianza kwenda kazini zamani. Tulichokosa ni kuketi chini na kuulizana kama yafaa.

Mimi mwenyewe nilijiuliza likizo ya Agosti iliyopita nilipokuwa nikimsaidia mjomba katika karakana yake ya mbao. Mjomba ana mbwa aitwaye Simba. Chumba chake ni kimoja, ua hana, kwa hiyo Simba huenda naye kazini kila asubuhi na kulala juu ya unga wa mbao. Siku moja mama mmoja alikuja kununua stuli akiwa na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto alirudi nyuma akaukanyaga mkia wa Simba. Kufumba na kufumbua, mbwa alikuwa amemuuma mguuni.

Mafundi walianza kubishana. Huyu alisema tumtie pilipili, yule alisema mafuta ya taa. Mama anayeuza mboga jirani ndiye aliyepiga kelele, "Nyinyi, leteni maji na sabuni!" Tukaosha kidonda. Ndipo mama wa mtoto akamgeukia mjomba, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, huyu mbwa amechanjwa?" Mjomba aliinamisha kichwa. Hakuwa na jibu.

Kabla sijaendelea, tuelezane kwa nini swali hilo lilimnyamazisha mtu mzima. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia kidondani husafiri polepole kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua majuma au miezi. Dalili zikishaonekana, ni nadra sana mtu kupona. Lakini kwa kuwa safari ni ndefu, chanjo ikitolewa mapema huwahi kuukinga mwili. Louis Pasteur wa Ufaransa alilionyesha jambo hili Julai 1885 alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kuosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili si dawa.

Sasa tuzipime hoja za pande mbili.

Wanaokubali wana sababu. Mbwa hulinda mali, na pale ambapo mlango ni bati na kufuli, ulinzi si jambo dogo. Wako pia mbwa ambao kazini ndiko kwao: wa polisi, na wale wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wanaonusa pembe za ndovu katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kipofu naye huweza kuongozwa na mbwa aliyefunzwa. Huko Marekani, tangu 1999, kuna siku moja kila Juni ya kwenda na mbwa kazini, na wapo wanaoamini kwamba mbwa hupunguza uchovu na kuwapatanisha wafanyakazi.

Wanaopinga nao hawakosi la kusema. Mfanyakazi mwenzako huenda anamwogopa mbwa tangu utotoni. Mwingine mwili humwasha kwa sababu ya manyoya. Mwislamu akiguswa na mate ya mbwa nguoni itambidi ajitwaharishe kabla ya kusali. Je, ni haki kumpa kazi hiyo kila adhuhuri kwa sababu wewe wampenda mbwa wako? Mbwa mwenyewe pia, akifungwa juani kutwa bila maji, anateswa, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza mateso hayo. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa wanaofanya kazi hapo.

Maoni yangu ni haya. Mwenye mbwa humjua mbwa wake, naye mbwa humjua mwenyewe. Anayeumia ni mtu wa tatu: mteja, mwanagenzi, au mtoto aliyetumwa stuli. Huyo hakuulizwa. Kwa hiyo mbwa aende kazini kwa masharti manne: awe amechanjwa na kadi yake ionekane; afungwe mbali na njia ya wateja; apate maji na kivuli; na wanaofanya kazi hapo wawe wamekubali. Likikosekana hata moja, abaki nyumbani. Asiye na ua kama mjomba afikirie mambo hayo kabla ya kumleta mbwa mjini.

Huenda mwataka kujua mtoto aliishia wapi. Alidungwa sindano ya kwanza siku ile ile, akarudi kliniki kwa zile zilizobaki. Mjomba alilipa kwa pesa za mbao. Simba naye alifungwa, tukaambiwa tumwangalie kwa siku kumi, maana mbwa mwenye virusi katika mate huwa mgonjwa au hufa katika muda huo. Kila asubuhi mama yule alipita karakanani. Alimtazama mbwa kwanza, ndipo akamsalimu mjomba. Siku ya kumi Simba alikuwa mzima, akila kama kawaida, na mtoto yu mzima hadi leo. Juma lile lile mjomba alimpeleka Simba kuchanjwa. Kadi aliipigilia msumari ukutani, mahali ambapo kila mteja ataiona.

Nawe msomaji, mbwa wa kwenu ana kadi?