SOMO LA VIKUNDI: Vyuma Kuukuu na Mali Yetu



Je, kikundi kinaweza kuuza skrepu bila kuingia matatani? Ndiyo, kinaweza. Lakini tujue sheria, maana soko linalonunua mabati yetu yaliyochakaa ndilo pia linalomvuta mwizi kwenye pampu ya kisima chetu. Yeye hupata pesa ya siku moja, na akina mama wanarudi kubeba mitungi kutoka mbali.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 iliunda Baraza la Vyuma Chakavu. Inamtaka mfanyabiashara wa skrepu awe na leseni na aweke kumbukumbu za biashara yake. Lakini sheria ya kukaa kwenye karatasi haimzuii mwizi. Januari 11, 2022, minara ya laini ya stima ya Kiambere–Embakasi ilianguka Nairobi baada ya kuharibiwa, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya skrepu. Ilifunguliwa tena Mei 1, 2022. Kwa zaidi ya miezi mitatu, hata mwokota vyuma wa mkokoteni ambaye hakuiba kitu alikosa mkate wake. Ndiyo maana mwenye haki anafaa kuwa wa kwanza kutetea sheria.

Tukumbuke pia mnunuzi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inasema anayepokea mali akijua ni ya wizi, au akiwa na sababu ya kujua, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kusema "mimi nilinunua tu" hakutoshi.

Tufanye nini?

1. Tuandike alama ya kikundi kwa rangi au kwa kuchonga kwenye pampu, mabomba, geti na tangi. Namba za mashine ziwe kwenye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Tukitaka kuuza, kamati ikubaliane kwanza na iandike kwenye kumbukumbu za mkutano. Tumuuzie mwenye leseni, tupimiwe kilo mbele yetu, tuchukue risiti.

3. Tusinunue waya wa shaba uliochomwa bila kujua ulikotoka. Mara nyingi plastiki huchomwa ili mwenye waya asiutambue.

4. Mtoto akileta chuma, tusimpe pesa. Tumuulize polepole alikitoa wapi, tumwone mzazi.

5. Mali ikiibiwa, tusimpige mtu. Tupige ripoti polisi na kwa chifu siku hiyo hiyo, tukiwa na daftari letu mkononi.

Maswali ya kujadili

Je, leo pampu yetu ikipatikana kwa mnunuzi wa skrepu, tutathibitishaje kuwa ni yetu? Nani kati yetu anaweka daftari la mali? Na tukijua jirani ananunua vya wizi, tutamwendea vipi?