Nyumba ya mnada: piga hesabu kabla ya kunyoosha mkono

Kila Ijumaa watu wakikutana, habari ni hiyo hiyo: kuna nyumba ya mnada Dar au Mombasa, bei chee, inataka ukarabati kidogo tu. Je, mtu atume hela?

Jibu letu: inawezekana, na wapo waliopata makazi kwa njia hii. Lakini hela yenyewe ni miaka yako. Ukiweka riali 50 kila mwezi kwa miaka minne, unapata riali 2,400, kama dola 6,240. Hiyo ni robo tu ya nyumba ya dola 25,000. Kwa hiyo, kabla hujatuma hata baisa moja, pitia somo hili taratibu.

1. Jua kwa nini inauzwa

Mwenye nyumba alikopa akashindwa kulipa. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka apewe notisi kwanza. Kenya, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kuna notisi ya miezi mitatu ya kudai deni, kisha nyingine ya siku 40 ya kusudio la kuuza. Hatua zikirukwa, mwenye nyumba anakimbilia mahakamani kuomba zuio, na wewe hela yako imeshaingia.

Uliza mambo mawili. Je, mke au mume aliridhia nyumba ya familia iwekwe dhamana? Nchi zote mbili zinadai ridhaa hiyo. Pili, je, bei iko chini ya thamani ya soko kwa robo au zaidi? Hapo sheria za nchi zote mbili zinampa mwenye nyumba mlango wa kulalamika kwamba imeuzwa kwa hasara. Bei ya kutupwa inavutia, lakini ndiyo inayozaa kesi.

2. Chunguza karatasi, kisha chunguza mtaa

Lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki, dhamana iliyoandikishwa na zuio kama lipo. Mtume mtu kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani. Aulize nani anaishi ndani, na kama atatoka kwa amani. Aulize pia madeni ya kodi ya ardhi, maji na umeme.

Halafu aangalie mahali penyewe. Mwaka 2017 kule Kimara, Dar es Salaam, nyumba nyingi zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Waliojenga Bonde la Msimbazi nao wanajua mafuriko yanavyofanya. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara au bondeni haina ukarabati wa kuiokoa.

3. Tenganisha uchakavu na ugonjwa

Nyinyi mafundi mnaojenga nyumba za watu hapa, hili mnalijua kuliko sisi. Bati lililotoboka, mlango uliooza, plasta iliyobanduka, nyaya za zamani: huo ni uchakavu, unatibika. Ufa wa mshazari unaopanda kutoka kwenye msingi, ukuta ulioinama, kenchi zilizoliwa na mchwa hadi unga: huo ni ugonjwa.

Siku ya mapumziko, piga simu ya video fundi akiwa pale. Mwambie aweke pima maji ukutani, agonge kenchi kwa nyundo, afungue shimo la choo, akuonyeshe dari kwa ndani. Fundi huyo asiwe yule anayekuuzia. Dada zetu wa kazi za ndani, msione aibu kuuliza. Hela ni yenu.

4. Tafuta kikomo chako

Chukua mfano wa kaka na dada waliounganisha riali 10,000. Ukarabati wamekadiria 3,000. Dharura, moja ya tano ya ukarabati, 600. Wakili, kodi na madeni madogo, 700. Zinabaki 5,700. Hicho ndicho kikomo. Mnada ukipita hapo, mkono ushuke, hata kama nyumba imekaa moyoni.

Kumbuka pia muda. Kwa kawaida unalipa robo ya bei palepale nyundo inapogonga. Salio Tanzania ni ndani ya wiki mbili hivi, Kenya mara nyingi siku 90. Ukichelewa, robo yako inaweza kupotea. Usinyooshe mkono kwa kutegemea mshahara wa mwezi ujao au mkopo ambao hujaupata.

5. Mpe mtu kazi, usimpe kila kitu

Atakayekuwakilisha awe na hati ya uwakilishi uliyoisaini mbele ya ubalozi wenu hapa Muscat. Hati itaje nyumba yenyewe na bei ya juu kabisa. Malipo yaende kwenye akaunti iliyotajwa katika masharti ya mnada, kamwe yasiende kwenye simu ya dalali wala ya shemeji. Jina kwenye hati liwe lako tangu mwanzo.

6. Karabati kwa mpangilio

Paa kwanza, maana mvua haisubiri. Kisha choo na maji, halafu umeme, milango, mwisho rangi. Lipa kwa hatua: kazi ikionekana, hela inatoka. Saruji inunuliwe ya wiki hiyo, ikikaa inaganda. Chumba kimoja kikikamilika, kipangishe, kodi yake isaidie kumalizia kinachofuata.

Mwisho, jamani, nyumba ya mnada ina machozi ya mtu. Aliyeipoteza naye aliamini mwezi ujao mambo yatakaa sawa. Tusirudie njia yake: nyumba ya kwanza tuinunue kwa tulichonacho, hata ikiwa vyumba viwili vya bati.

Zoezi la wiki hii: chukua daftari, andika akiba yako, toa ukarabati, toa dharura, toa gharama za karatasi. Namba inayobaki izungushie duara. Siku dalali atakapokuharakisha, fungua ukurasa huo kwanza.