Rambo Anasikia, Ila Si Wewe

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Njiro, Arusha. Nilinunua mbwa aina ya Malinois kwa pesa nyingi, anaitwa Rambo, sasa ana miezi 5. Geti likifunguliwa tu anachomoka kukimbiza magari na bodaboda. Juzi nusura amwangushe dereva wa boda aliyebeba abiria. Nimemchapa, nimemfunga mnyororo, wapi! Rafiki yangu anasema nimhasi au nimvalishe kola ya umeme. Shamba boi wetu akimwita anarudi mbio, mimi nikimwita hata hageuki. Nimemkataza shamba boi asimzoee, maana mbwa lazima amjue mwenye mali. Nielekeze kwa mwalimu mzuri wa mbwa, gharama si tatizo.*
*Baba Junior*

Marahaba, Baba Junior. Barua yako nimeipunguza sana. Habari za ukoo wa Rambo hadi babu yake hazikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni sentensi uliyoipitia haraka karibu na mwisho: shamba boi akimwita, anarudi. Anarudi mbio, gari likiwa mbele yake, tena mbwa wa aina hiyo! Wapo wafugaji wanaohangaika miezi na miezi bila kufika hapo. Na wewe ukafanya nini? Ukampiga marufuku mtu pekee anayeweza kumrudisha.

Nani anampikia Rambo ugali na dagaa? Nani anaamka akibweka usiku? Nani alimpeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, kama kweli amechanjwa? Mbwa hasomi risiti. Anamjua anayemlisha na kucheza naye, ambaye kila akimwita kuna jema linalomngoja. Wewe unamwita fimbo ikiwa mkononi. Hata mimi nisingegeuka.

Nimegundua na jambo jingine. Katika barua nzima mbwa ana jina, kijana hana. Hapo ndipo penye ugonjwa, baba. Kinachokuuma ni kwamba mtu unayemlipa kidogo amepata kitu ambacho pesa zako hazikukipata: kusikilizwa. Sasa unataka kumlipa mgeni fedha nyingi aje akufundishe kile ambacho kijana huyo anakifanya bure kila asubuhi, huku wewe unatafuta funguo za gari.

Tabia hii naijua, na siipendi. Mama anajisifia watoto wenye adabu, dada aliyewalea anakula jikoni peke yake. Bosi anapokea pongezi za bustani ambayo hajawahi kuimwagilia. Kumiliki si kufanya kazi, na anayeifanya kazi ndiye anayeijua. Heshima yako kama mwenye nyumba haitapungua ukimwambia kijana, "Nifundishe." Itapungua Junior akikua akiamini kwamba mtu wa kazi akifanya vizuri, dawa ni kumkataza.

Sasa mbwa. Malinois asili yake ni Ubelgiji, alizalishwa kuchunga kondoo, na leo polisi na majeshi ya nchi nyingi humtumia. Kitu kinachokimbia kinamchemsha damu. Gari likipita na kupotea konani, yeye anaamini amelifukuza, ameshinda. Ushindi huo ni mtamu kuliko nyama, kwa hiyo kila mnapoacha geti wazi mnampa somo la kukimbiza. Anza na geti: kabla ya kulifungua, mbwa awe bandani au kwenye kamba.

Tafuteni kamba ya mita 10 hivi. Kijana atangulie, wewe utazame, kisha mpokezane. Simameni mbali na barabara, mahali ambapo Rambo analiona gari lakini bado anaweza kupokea kipande cha nyama mkononi. Akilitazama tu, kabla hajakakamaa, mwite, geukeni mwondoke, mpe nyama au kitambaa cha kuvutana. Dakika chache zinatosha. Asipojali nyama, mmesogea karibu mno, rudini nyuma. Sogeeni hatua kwa hatua, wiki hadi wiki. Akichoropoka usimkimbilie wala usipige kelele, maana ataona na wewe umeingia kwenye mchezo. Uani mfichieni vitu avitafute, kisha aachwe alale; mtoto wa mbwa anahitaji usingizi mwingi.

Kuhasi kuna faida zake, ila hakuondoi hamu ya kukimbiza. Kola ya umeme kwa mtoto wa miezi 5, sahau. Mnyororo wa kutwa unamzidishia wazimu. Fimbo umeijaribu, matokeo umeyaandika mwenyewe.

Mwalimu unayemtafuta analala chumba cha uani kwako. Muombe radhi leo, umwondolee marufuku yako, na zile pesa ulizosema si tatizo ziongeze kwenye mshahara wake mwezi huu huu, usisubiri mpaka Rambo ahitimu.