Jinsi ya Kukarabati Breki za Ngoma za Gari la Zamani Nyumbani

Katika mitaa ya Eastlands kama vile Buruburu, Umoja na Jericho, magari ya zamani bado huonekana: Volkswagen Beetle, Datsun 1200, na hata Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mara 4 kati ya mwaka wa 1963 na 1968. Magurudumu ya nyuma ya magari haya husimamishwa na breki za ngoma. Mafuta ya breki husukuma pistoni za silinda ndogo, pistoni hupanua viatu viwili, na lainingi iliyo juu ya viatu husugua ngoma kwa ndani. Mwenye gari aliye na vifaa na subira anaweza kuzikarabati mwenyewe, mradi ajilinde yeye na majirani.

Kuinua gari

Kazi hii hufanywa mahali tambarare, watoto wakiwa mbali. Breki ya mkono lazima iachiliwe ili ngoma itoke, kwa hivyo magurudumu ya mbele huzuiwa kwanza kwa vipande imara vya mbao. Nati hulegezwa gari likiwa bado chini. Kwa Beetle, nati kubwa ya ekseli pia hulegezwa wakati huo, kwani imekazwa kwa nguvu nyingi mno. Baada ya kuinuliwa kwa jeki, gari huwekwa juu ya stendi za chuma. Matofali hayafai; hupasuka ghafla.

Vumbi la breki

Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, na lisifagiliwe likiwa kavu. Hulowanishwa kwa maji ya sabuni, hupanguswa kwa matambara, kisha matambara hayo hufungwa ndani ya mfuko yakiwa bado mabichi. Yasichomwe.

Kufungua na kukagua

Hufunguliwa upande mmoja kwa wakati, ili ule mwingine ubaki kuwa mfano wa kupanga springi. Picha ya simu pia husaidia.

- Lainingi ikibaki chini ya milimita 1.5, ikikaribia vichwa vya ribiti, au ikilowa mafuta, viatu hubadilishwa pande zote mbili. Upande mmoja pekee ukibadilishwa, gari huvutwa kando linapofunga breki.
- Ngoma yenye mifereji hukerezwa kwa mashine, kazi inayopatikana katika karakana za Kariobangi Light Industries. Ikipita kipimo cha mwisho kilichowekwa na mtengenezaji, hununuliwa mpya.
- Mpira wa silinda ukifunuliwa na kupatikana umelowa, silinda inavuja na hubadilishwa.

Mipira hiyo huharibiwa na mafuta ya injini, dizeli na mafuta ya taa, kwa hivyo isioshwe nayo.

Kurudisha na kutoa hewa

Grisi kidogo ya kustahimili joto hupakwa pale viatu vinapogusa bamba la nyuma, bila kufikia lainingi. Viatu hurekebishwa hadi gurudumu lizunguke likikwaruza kidogo tu, kisha hulegezwa mpaka lizunguke bila kizuizi.

Kutoa hewa huhitaji watu wawili. Mmoja hukanyaga breki, mwingine hufungua skrubu ya silinda na kuifunga kabla mguu haujaondolewa. Huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, na kopo la juu lisiachwe likauke. Mafuta mapya hutoka kwenye chupa iliyokuwa imefungwa, kwani yale yaliyokaa wazi huwa yamenyonya unyevu. Yaliyotumika huhifadhiwa kwenye chupa. Yasimwagwe mtaroni, maana maji ya mitaro huishia mitoni.

Kabla ya kurudi barabarani

Breki ikikanyagwa kwa nguvu kwa dakika moja, isizame wala kuvuja. Jaribio la kwanza ni la mwendo wa pole katika uwanja usio na watu. Breki inayozama, au inayohitaji kukanyagwa mara kadhaa ndipo ishike, bado haijakamilika. Gari hilo lisipelekwe Jogoo Road. Aitwe fundi mwenye ujuzi palepale lilipo.