Mabuti ya ngozi: Soli ndiyo inayopanga muda wa mtaji

KATIKA meza ya viatu vya mitumba, mabuti mawili yanaweza kulingana kwa rangi, kwa urefu na hata kwa umaarufu wa jina lililochapwa kwenye ulimi. Hata hivyo, moja linaweza kuwa mali ya miaka mingi na jingine hasara inayosubiri siku yake. Tofauti hiyo haionekani juu. Iko chini, pale ngozi inapokutana na soli, na mfanyabiashara asiyegeuza buti kabla ya kulipa amenunua nusu ya bidhaa bila kuiona.

Somo la wiki hii linahusu mabuti ya ngozi ya hali ya juu, mapya na ya zamani. Bidhaa hii ina wateja wa aina mbili. Yupo anayetaka kiatu cha kuvaa kazini na safarini, na yupo mkusanyaji, anayetafuta mabuti ya zamani kutoka viwanda vyenye historia. Wote wawili huongeza bei kwa sababu moja: buti linaloweza kufunguliwa, kutengenezwa na kuvaliwa tena.

Aina tatu za soli

Ya kwanza ni soli ya kushona. Katika mabuti mengi ya daraja la juu, ukanda mwembamba wa ngozi huzungushwa pembeni mwa kiatu. Ukanda huo hushonwa kwanza kwenye ngozi ya juu na soli ya ndani, kisha soli ya nje nayo hushonwa kwenye ukanda. Mfumo wa kufanya kazi hiyo kwa mashine ulianza katika karne ya 19 na unaitwa Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa mgunduzi wa njia ya kuupika mpira kwa salfa. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kukata uzi wa chini, kuondoa soli iliyolika na kushona nyingine bila kuigusa ngozi ya juu. Kampuni ya Red Wing ya Minnesota, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1905, imejijengea jina kwa mabuti ya aina hiyo. Buti lake namba 875 lilianza kutengenezwa katika miaka ya 1950.

Yapo pia mabuti ambayo ngozi ya juu hukunjwa kuelekea nje na kushonwa moja kwa moja juu ya soli. Mfano maarufu ni buti fupi la jangwani la kampuni ya Clarks ya Uingereza, lililoingia sokoni mwaka 1950 likiwa na soli ya mpira wa asili.

Aina ya pili ni soli ya gundi. Hii hutegemea ubora wa gundi na usafi wa kazi. Fundi anaweza kuibandika upya, lakini kila mara inapobanduliwa ngozi huumia kidogo.

Ya tatu ni soli ya kumimina. Malighafi ya moto huingizwa katika kalibu na kugandia moja kwa moja kwenye ngozi. Buti la manjano la Timberland, lililotoka mwaka 1973, lilipata sifa ya kuzuia maji kwa njia hiyo. Si teknolojia mbaya. Inapunguza gharama na kuziba njia za maji. Ubaya wake kwa mfanyabiashara ni mmoja: soli ikifa, kwa kawaida buti nalo limekufa.

Mnunuzi ajihadhari na uzi wa mapambo. Viwanda vingine huchapa mshono wa bandia pembeni mwa soli ya plastiki ili ionekane kuwa imeshonwa. Uzi wa kweli huonekana juu ya ukanda na tena upande wa chini wa soli, au hufichwa katika mfereji uliochongwa huko chini. Ukiwa juu tu, na umezama ndani ya plastiki, hiyo ni picha ya mshono.

Adui wa ghalani

Soli nyingi nyepesi na laini hutengenezwa kwa poliyurethani. Malighafi hiyo ina adui mmoja mkubwa, nao ni unyevu, hasa unapoambatana na joto. Unyevu huvunja viungo vya kikemikali vinavyoishika pamoja. Mwanzoni soli huwa laini kupita kiasi au yenye kunata, halafu hupasuka, na mwishowe hubomoka kama mkate mkavu. Jambo hilo hutokea hata kama buti halijavaliwa siku moja.

Kwa mwenye ghala Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, habari hiyo ni ya fedha. Pwani ina joto na unyevu wa kutosha kuharakisha uharibifu huo. Buti "jipya" lililokaa katika boksi kwa miaka kadhaa linaweza kuwa hatari kuliko buti lililovaliwa ambalo soli yake ni ya ngozi au ya mpira. Kabla ya kulipa, kunja soli kwa mikono miwili, bonyeza pembeni kwa ukucha, na tazama kama kuna makombo ndani ya boksi. Kama lebo ina mwaka wa kutengenezwa, usome.

Ngozi nayo ikaguliwe. Mikunjo si tatizo, kwani kila kiatu kilichotembea hukunjika. Tatizo ni mipasuko: ngozi iliyokauka hadi nyuzi zake kukatika haiponi kwa mafuta wala kwa rangi. Ngozi iliyosuguliwa kwa msasa na kufunikwa kwa tabaka nene la rangi ya plastiki hung'aa sana ikiwa mpya, lakini tabaka hilo hubanduka kwenye mikunjo. Ngozi nyingi za viatu hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu, na nyingine kwa dawa itokayo kwenye magome ya miti. Dawa ya magome ya miwati imekuwa bidhaa ya Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949. Njia zote mbili hutoa ngozi nzuri kazi ikifanywa vizuri.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano wa darasani, wenye tarakimu za kufikirika. Mfanyabiashara ana mtaji wa shilingi 600,000.

Njia ya kwanza: ananunua pea 20 za mabuti yenye soli ya kumimina kwa shilingi 30,000 kila pea na kupanga kuuza kwa 50,000. Zikiuzwa zote anapata 1,000,000, yaani faida ya 400,000. Lakini mzigo ukichelewa ghalani na pea 6 zikabomoka, mauzo yanashuka hadi 700,000 na faida kuwa 100,000. Wateja wawili tu wakirudisha mabuti na kudai fedha zao, faida inakuwa sifuri.

Njia ya pili: ananunua pea 8 za soli ya kushona zilizolika chini, kwa shilingi 50,000 kila moja. Hiyo ni 400,000. Fundi anabadilisha soli kwa 25,000 kila pea, jumla 200,000. Akiuza kwa 120,000 anapata 960,000, yaani faida ya 360,000. Pea 2 zikikwama hadi msimu mwingine, amekwisha kupata 720,000, faida ya 120,000, na bado ana bidhaa nzima mkononi.

Mfano huu hausemi kwamba kila mtu akimbilie njia ya pili. Soko likiwa moto na mzigo ukiwa mbichi, ya kwanza inalipa zaidi, na mtaji unarudi haraka. Unachosema ni kwamba soli ndiyo inayoamua mtaji unaweza kusubiri muda gani. Buti la kumimina linataka kuuzwa upesi hata kwa faida ndogo. Buti la kushona linaweza kumsubiri mteja wake.

Fundi naye ni sehemu ya hesabu. Soli ya tairi ni imara na mvaaji wa kawaida hana ugomvi nayo. Mkusanyaji, kinyume chake, anataka soli inayofanana na ya kiwandani, na ya tairi itashusha bei. Mfanyabiashara aamue kwanza anamuuzia nani, ndipo apeleke buti kwa fundi.

Jina na bidhaa

Jina kubwa huongeza bei, ila halichukui nafasi ya ukaguzi. Buti la Dr. Martens la matundu nane linaitwa 1460 kwa sababu lilianza kutengenezwa tarehe 1 Aprili 1960, katika kijiji cha Wollaston, Uingereza. Mwaka 2003 sehemu kubwa ya uzalishaji ilihamishiwa Asia. Jina lilibaki lile lile, lakini wakusanyaji hutenganisha mabuti yenye alama ya kutengenezwa Uingereza na mengine, na huyalipia zaidi.

Mwekezaji mdogo ana fundisho lake hapo. Kampuni hiyo ilipoingia katika Soko la Hisa la London mwezi Januari 2021, hisa moja iliuzwa kwa peni 370. Mwezi Aprili 2024 ilikuwa chini ya peni 100. Katika miaka hiyo mitatu buti liliendelea kuwa lile lile la uzi wa manjano; kilichoshuka ni matarajio yaliyokuwa yamenunuliwa pamoja na jina. Anayelipia jina, iwe mezani Karume au katika soko la hisa, anapaswa kujua kilichomo chini yake.

Kuvaa na kutunza

Buti bora huhifadhi bei yake likitunzwa. Lisivaliwe siku mbili mfululizo, kwani jasho la siku moja linahitaji muda kukauka. Likilowa, lijazwe magazeti na kuachwa kivulini penye upepo. Moto na jua kali hukausha ngozi hadi ipasuke. Lipigwe brashi kuondoa vumbi kabla ya kupaka dawa, na mafuta yapakwe kidogo kidogo. Wakati wa masika, mabuti ya ghalani yatolewe kwenye mifuko ya nailoni, maana humo ndimo kuvu huota. Soli ibadilishwe kabla haijalika hadi kuufikia ukanda, kwa sababu kurekebisha ukanda ni kazi kubwa zaidi na gharama yake ni kubwa.

Kwa anayeanza, kanuni ni fupi: geuza buti kabla ya kutazama jina, tambua aina ya soli, kisha jiulize fedha yako inaweza kukaa humo kwa muda gani. Kama jibu ni wiki mbili na soli ni ya kumimina, bei ya kununua iwe ndogo kiasi cha kukuruhusu kuuza haraka. Kama soli ni ya kushona na ngozi haijapasuka, kuna nafasi ya kungoja bei nzuri.